Kufuli la Manjano Chini ya Roketi

Simu aliyoahidi kunipigia saa tatu usiku haikuja. Saa tatu na nusu nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Saa nne nikafungua dirisha la jikoni, maana pale, ukijipinda kidogo, unaiona Roketi, treni ya bustani ya michezo, juu ya mapaa ya nyumba: reli mbili zinazopanda kwenda angani, zinajikunja huko juu, kisha zinashuka kama zimekatwa. Taa nyekundu ya kileleni ilikuwa inawaka. Treni haikupita.

Usiku ule walikuwa wanajaribu mtambo mpya wa kuirusha. Asubuhi mwanangu alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu, akaniambia, "Mama, leo ndiyo leo. Ikiruka nakupigia. Isiporuka nakupigia vilevile, nilie."

"Ulie na hizo ndevu?"

"Ndevu hazizuii machozi, mama."

Basi nikakaa kungoja. Mimi ni mtu wa kukaa roho juu, sikatai. Marehemu mume wangu alizoea kusema mawingu yakitanda mji wa jirani mimi naanua nguo. Zamu ya mwanangu iliisha saa mbili, lakini nilijua atabaki kuangalia majaribio. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameitumikia Roketi ile. Asingeiacha siku yake ya kwanza ya uzima.

Saa nne na dakika ishirini simu ikalia. Haikuwa yeye. Ilikuwa namba ya msimamizi wa mafundi, yule wanayemwita Bwana Saa kwa sababu hawezi kumaliza sentensi mbili bila kutazama mkono wake wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani kwa usiku huu. Waya yuko hapo nyumbani?" Waya ndilo jina la mwanangu kazini.

"Yuko," nikasema. "Amelala."

"Amelala kabisa?"

"Kabisa. Amechoka mtoto wa watu. Kuna nini?"

"Hakuna neno. Mwache apumzike, kesho nitamsema mwenyewe. Asante, mama. Umetuokoa."

Akakata.

Sikuwa nimemwona mwanangu tangu asubuhi. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, na ndala zake zilikuwa pale pale alipoziacha, moja imelalia nyingine.

Ni lazima nieleze kwa nini mdomo wangu ulisema vile, na siwezi kulieleza hilo bila kumweleza yeye ni mtu wa namna gani.

Ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa na miaka saba alikifungua cherehani changu chote nilipokwenda sokoni, na niliporudi nikakikuta kimesimama mahali pake kama hakikuguswa. Kilishona vizuri kuliko mwanzo. Lakini ilibaki skrubu moja mkononi mwake. Nilimwambia aitupe, cherehani kinafanya kazi. Hakuitupa. Karibu mwaka mzima alikuwa akirudi kukizunguka kile cherehani na ile skrubu kiganjani, ananiuliza, "Mama, una hakika hakigongi?" Ndivyo alivyokua. Mtu wa kuuliza mara mbili, kulifunga jambo, kisha kurudi kutazama kama limefungwa.

Alimaliza kidato cha nne, akasoma ufundi miaka miwili, na bustani ya michezo ikamchukua akiwa na miaka ishirini na miwili. Wakamweka chini ya Roketi. Watu wanaopanda huijua kwa juu tu: unakaa, unafungwa mkanda, sekunde tatu uko kileleni na moyo umeuacha stesheni. Yeye aliijua kwa chini. Siku moja alinieleza mezani kwa kijiko na uzi wangu wa kushonea. Chini ya stesheni kuna chumba, akasema, na ndani ya chumba kuna gurudumu la chuma nene kama pipa, limezungushiwa waya mkubwa kama kifundo cha mkono wako. Pampu zinasukuma mafuta ndani ya mitungi mpaka mitungi inakuwa kama mtu aliyebana pumzi. Halafu inaachia mara moja. Gurudumu linazunguka, waya unavuta ndoano, ndoano inavuta treni na watu ishirini.

"Na waya ukikatika?" nikamuuliza.

"Ndiyo maana mimi nipo."

Kutoka hapo wenzake wakamwita Waya. Kila jioni alikuwa anaukagua kwa mkono, inchi kwa inchi, na glavu ameivua, kwa sababu alisema nyuzi zilizoanza kukatika unazisikia kwa ngozi kabla hujaziona kwa macho. Vidole vyake vilikuwa na michubuko midogo isiyopona. Nilikuwa namtoa vipande vya waya kwa sindano, yeye ananitania, "Taratibu, daktari, mgonjwa ana familia."

Waya ulipochakaa ukabadilishwa, mafundi walikuwa na desturi yao. Walikata kipande cha waya uliokufa, kirefu kama shubiri, wakakifunga kitambaa chenye tarehe, wakakitundika ukutani mle chumbani. Vilikuwa ishirini na vingapi sijui. Ofisi haikujua habari zake. Ilikuwa yao wenyewe.

Maana mtambo ule ulikuwa unakufa kila mara. Mafuta yalivuja. Ndoano ilikataa kuachia, au iliachia mapema. Kuna siku treni haikufika kileleni, ikarudi nyuma na watu wake wakiwa wamekaa mdomo wazi. Breki zikaishika, hakuna aliyeumia, lakini mwanangu alirudi nyumbani akakaa bafuni saa nzima na maji hayamwagiki. Wiki moja ikipita na kusimama mara mbili tu, walikuwa wanasema wiki imekuwa njema. Na kwa kuwa mchana bustani ina wageni, matengenezo yote yalikuwa usiku. Alirudi alfajiri, akalala na viatu, saa mbili asubuhi simu inalia: Waya, njoo, imegoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuipokea simu mimi. "Amelala," nilikuwa nasema. Mara ya kwanza na ya pili alikuwa amelala kweli. Baadaye nilisema hivyo hata akiwa anaoga, au anakula, au amekaa kibarazani siku yake ya mapumziko akitazama ukuta. Walipoambiwa amelala walimwita Mzee Grisi, fundi mkongwe kuliko wote, ambaye hakuwa na mama wa kumpokelea simu. Mwanangu alicheka. "Mama, kazini wanasema mimi nalala kuliko mtoto mchanga." Naye Mzee Grisi, akinikuta njiani, alikuwa ananiita kwa mbali: "Shemeji wa usingizi! Mtoto ameamka?"

Likawa neno la mdomoni. Simu ikilia, nalisema kabla sijafikiri.

Mwaka huu ofisi ikaamua mtambo wa zamani ung'olewe. Akaja mhandisi mmoja, viatu vyeupe, na malori mawili ya makasha marefu. Mwanangu alipenda na aliogopa kwa pamoja. Akanieleza kwamba hakuna tena waya, hakuna mafuta, hakuna ndoano. Kuna sumaku zimepangwa kwenye reli, na zinasukuma treni bila kuigusa.

"Itaendaje isipoguswa?"

"Kama mimi na macho yako, mama. Ukinitazama tu nafua nguo."

Lakini kitu kisichogusana na kingine hakichakai, na kisichochakaa hakihitaji mafundi sita. Wawili wangetosha. Wanne walikuwa wameshaambiwa waage, Mzee Grisi akiwa wa kwanza. Mwanangu alibakizwa. Wiki nzima alikula kama anatafuna karatasi, na sikujua nimpongeze au nimpe pole.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kichwani simu ya Bwana Saa ilipolia. Nilidhani wanamtaka arudi kazini. Nilidhani yeye yuko mahali na wale wanne wanaagana, na nikasema moyoni, wacha akae nao. Nikasema amelala.

Nikarudi dirishani. Ila lile neno la mwisho lilikuwa limenishika. Umetuokoa. Nimewaokoa na nini? Mtu akiambiwa fundi wake amelala, anasema bahati mbaya. Hasemi umetuokoa.

Ndipo nikakumbuka kufuli.

Kila fundi wa Roketi ana kufuli lake, lina rangi yake na kibao chenye jina lake. La mwanangu ni la manjano. Kabla hajaingia chini kwenye chumba anazima swichi kuu, anatundika kufuli lake juu ya swichi, na ufunguo anauvaa shingoni. Wakiingia watatu, makufuli yanakuwa matatu. Hakuna ufunguo wa pili, hata msimamizi hana. Mwaka juzi alifika nyumbani, akavua shati, akaukuta ufunguo kifuani na kufuli amelisahau kazini. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia apige simu walivunje, kesho atanunua jingine. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama, kufuli likining'inia, maana yake mimi niko ndani. Watu wakizoea kuyakata, siku moja watalikata nami nimo."

"Si wataona?"

"Kule chini hakuonekani kitu." Akavaa shati lililolowa akarudi kwa miguu.

Na usiku uleule, akiwa anajikausha, alinieleza sheria yao. Kufuli la mtu halikatwi ila mwenyewe ameonekana kwa macho mahali pengine, au watu wa nyumbani kwake wamethibitisha kwamba wanaye.

Watu wa nyumbani kwake ni mimi.

Nikapiga namba ya Bwana Saa; iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nikapiga ya mwanangu, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia haipatikani. Kule chini ya stesheni simu hazishiki, hilo nalo nililijua. Nikavaa sweta juu ya gauni la kulalia nikatoka, mlango sikuufunga.

Kutoka kwangu hadi bustani ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu anayetembea. Mimi nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilipita gereji, nikapita ukuta wa shule, nikavuka barabara kubwa bila kutazama kushoto wala kulia. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Bado, bado, bado," kama ninayemkataza mtu.

Nilikuwa nimefika kwenye uzio wa bustani Roketi iliporuka.

Ile ya zamani ilikuwa inanguruma. Ikirushwa vioo vya dirisha langu vilitetemeka. Hii haikusema kitu. Niliona tu taa za treni zinatoka stesheni na kupanda, ghafla, na sauti ya magurudumu peke yake, kama mtu anachana kitambaa kirefu. Viti vilikuwa vimewekwa mifuko ya mchanga. Ikafika kileleni, ikajikunja, ikashuka. Ndani ya uzio watu wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi.

Nikashika nyavu za uzio nikapiga kelele, "Zimeni! Zimeni!" Hakuna aliyesikia. Wakairusha tena.

Getini mlinzi alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake. "Mama, tumefunga. Na usiku huu, na hiyo nguo?"

"Mimi mama yake Waya. Mwanangu yuko ndani."

"Waya ameshaondoka, mama. Nimesikia kwenye redio kwamba amelala nyumbani."

"Nani amesema?"

"Si wewe?"

Nikamuuliza kama alimwona kwa macho yake akitoka. Akachukua daftari, akalimulika kwa tochi, kidole kikashuka mstari kwa mstari. "Saini ya kuingia ipo. Ya kutoka haipo. Nilimwambia Bwana Saa, daftari langu halina saini. Akasema mafundi gani hao wanaosaini." Akanyanyua uso. Ile hali ya kutania ikamtoka usoni kama maji. Akafungua geti na akaanza kuita kwenye redio yake, lakini redio ilikuwa imejaa watu wanaopongezana.

Tulikimbia wote wawili. Stesheni ilikuwa na taa nyingi. Bwana Saa alikuwa amesimama na mhandisi, wameshika chupa za soda, na aliponiona akafungua mikono.

"Mama! Umekuja kuona? Mara mbili, haikukohoa hata—"

"Hayuko nyumbani."

"Nani?"

"Mwanangu. Hayuko nyumbani. Hakulala. Hajarudi tangu asubuhi."

Soda ikamwagika kwenye kiatu chake, hakuinama kuitazama. "Mama, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza, amelala kabisa?"

"Nikasema kabisa."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

Alitamka jina la mwanangu mara moja, lile la utotoni, ambalo sikujua kama analijua. Kisha akageuka akapiga kelele iliyonifanya nizibe masikio: "Zima! Zima kila kitu! Kuna mtu chini!"

Mhandisi akazima. Taa za reli zikafa moja moja. Tukashuka ngazi za saruji mpaka kwenye mlango wa chumba, mlango wa chuma wa kijivu, na juu yake taa nyekundu inawaka. Bwana Saa akaushika mpini akauvuta kwa uzito wake wote. Haukutikisika.

"Haufunguki," mhandisi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeme ukiwashwa mlango unajifunga. Ukizimwa, makabati ya mle ndani bado yana umeme yaliouhifadhi. Mlango haufunguki mpaka uishe."

"Muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

"Fungua kwa nguvu!"

"Uliobaki mle unaua, mzee. Ninyi na yeye pia."

Mzee Grisi alifika akihema, shati nje, ameshika mtaimbo. Alikuwa amekwenda kula na wenzake watatu kwenye kibanda cha nyuma. Akauchomeka mtaimbo kwenye ufa wa mlango, mhandisi akamshika mkono, wakavutana.

"Mtambo wetu ulikuwa unafunguliwa kwa bisibisi!" Mzee Grisi akamfokea. "Kwa bisibisi, wewe mtoto!"

"Na ulikuwa unarudisha treni nyuma na watu!"

"Hakuwahi kufa mtu chini yake! Niambie nani alikufa! Niambie!"

Mlinzi ndiye aliyewaachanisha. Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye mlango. Kwa ndani kulikuwa na feni zinazovuma, feni za kupooza yale makabati, vumo moja lisilopanda wala kushuka. Niligonga kwa ngumi. Niligonga kwa kiatu. Nikaita kama nilivyokuwa nikimwita kutoka mchezoni, jina lote. Feni zikaendelea.

"Alikwenda kufanya nini huko?" nikamuuliza Bwana Saa. "Zamu iliisha saa mbili."

Hakujua. Aliyejua alikuwa Mzee Grisi. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, mtaimbo juu ya magoti, akasema bila kunitazama.

"Alikwenda kutukatia waya, shemeji. Waliung'oa wote, kikabaki kipande kimenasa juu kule, chini ya breki. Akasema hamuondoki mikono mitupu, kila mtu atapata chake na tarehe. Majaribio yalikuwa yamechelewa, saa nne kasorobo tukamwambia twende tukale kwanza. Akasema mtangulie, ni kazi ya robo saa." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Tukakaa tunapiga porojo. Nikadhani amemaliza, amepitia kwako."

Bwana Saa naye akaanza kueleza, kama mtu anayetoa ushahidi. Kwamba alifungua mlango akachungulia, akaita mara mbili. Kwamba feni, zenye umeme wake mbali, zilikuwa zinafanyiwa majaribio, kelele tupu, na kama Waya alikuwa amevaa vifuniko vya masikio asingesikia kitu. Kwamba begi lake halikuwepo kwenye msumari wake, na fundi akichukua begi ameondoka. Nikajua moyoni: alilichukua begi abebee vipande.

"Wakubwa walikuwa wananipigia kila dakika mbili," Bwana Saa akasema. "Wageni wanaingia kesho asubuhi. Nikasema, nimpigie mama yake. Sheria inaruhusu. Nikakupigia, mama." Akatoa kitu mfukoni. "Nililikata kwa mkono wangu."

Ilikuwa ni lile kufuli. Upinde wake umekatwa, chuma kinang'aa pale mkasi ulipopita, na kibao kikining'inia na jina. Nikalichukua. Sijui kwa nini alinipa, labda hakuweza kuendelea kulishika. Lilikuwa na joto la mfuko wake.

Nilikuwa nimefikiri nitamchukia. Nilimtazama nikaona mtu aliyeuliza swali akajibiwa.

Mhandisi alikuwa anatazama kipimo kidogo ukutani na kusoma namba kwa sauti: bado nusu, bado robo. Watu wa huduma ya kwanza wakaja na machela, wakasimama nyuma yetu. Katikati ya kungoja nikamuuliza mhandisi kama treni ikirushwa kuna kitu kinachosogea mle ndani. Akasema sumaku hazisogei. Nikamuuliza, na kingine? Akasema, "Breki, mama. Umeme ukija, mapanga ya breki yanapanda." Akaonyesha kwa viganja vyake viwili namna yanavyopanda na kubana, kisha akaona anachokifanya akaishusha mikono.

Taa ikawa ya kijani.

Mpini ukalia. Bwana Saa na Mzee Grisi wakauvuta mlango pamoja, na joto la mle ndani likatupiga usoni, joto lenye harufu ya rangi mpya na mafuta ya zamani. Feni zilikuwa zinapunguza mwendo. Ukutani bado vilikuwepo vile vipande vya waya na vitambaa vyao.

"Waya!" Mzee Grisi akaita.

Halafu, kutoka juu, nyuma ya lile gurudumu lililong'olewa nusu, sauti kavu, ya mtu anayesema kupitia meno, ikasema, "Msinivute. Mkono."

Alikuwa juu ya ngazi fupi, chini ya upenyo wa reli, begi begani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia hadi juu ya kiwiko katikati ya vile vyuma, na hapo ulipoingia sikuweza kutazama mara mbili. Kwa mkono wa kulia alikuwa amejifunga mkanda wa suruali juu ya jeraha, ameuvuta kwa meno, ncha yake ilikuwa bado iko mdomoni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yake.

Akaiachia ile ncha. Hakunitazama mimi, alimtazama Bwana Saa.

"Nilitundika kufuli."

"Najua, Waya. Tulia, watu wanakuja."

"Nilitundika. Nikalivuta mara mbili." Akameza mate. "Nani amelikata?"

Bwana Saa akafungua mdomo. Angeweza kunisitiri, na nadhani alikuwa anatafuta namna. Mhandisi akatazama viatu vyake. Lile kufuli lilikuwa mkononi mwangu, na kibao chenye jina lake kikining'inia nje ya vidole.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Walinipigia. Nikawaambia umelala."

Ndipo akanitazama. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama ile skrubu, kwa muda mrefu, akitafuta mahali inapokaa. Watu wa machela walikuwa wananipita pembeni, mmoja akanishika bega.

"Toka nje, mama," mwanangu akasema. "Sakafu ina mafuta."

Nikatoka. Nyuma yangu mlango ulikuwa umeanza kurudi wenyewe kwa uzito wake. Mlinzi akakimbilia tofali, akalikita chini ya ukingo usije ukajifunga tena.